Jongoo na mti wake: kisa cha Chaleponcus wa Udzungwa

Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Methali hii tunamwambia mtu anayeachana na jambo baya: usitupe jongoo ukabaki umeshika kijiti ulichombebea. Anayesoma uainishaji wa majongoo analazimika kuigeuza. Jongoo akiokotwa msituni akatiwa kwenye chupa ya spiriti bila kuandikwa alikuwa chini ya mti gani, msitu upi, mwinuko wa mita ngapi, nusu ya thamani yake imeshapotea hata kama mwili wake ni mzima kuanzia kipapasio hadi mkia. Kisa ninachokichambua hapa ni cha Chaleponcus dabagaensis, jongoo wa milima ya Udzungwa aliyepewa jina la Dabaga, wilayani Kilolo, mkoa wa Iringa, mwaka 1958. Alikaa na jina lake kwa miaka 56, kisha mwaka 2014 akatambuliwa kuwa ana ndugu wa karibu zaidi ya 15, ambao sayansi ilikuwa haijawapa jina, wote wa milima ileile.

Ndugu hao hawakuzaliwa kati ya 1958 na 2014. Walikuwapo wakitembea chini ya majani makavu wakati reli ya TAZARA inatandikwa bondeni, wakati bwawa la Kidatu linajazwa maji, wakati miwa ya Kilombero inasogea hadi kwenye miguu ya mlima. Kilichobadilika ni namna walivyotazamwa. Ndani ya kisa hiki yamo maswali mawili ambayo darasani huwa tunayatenganisha: jongoo huyu ni nani, na jongoo huyu ni wa wapi. Kwa majongoo wa milima yetu naamini hayo ni swali moja, na nimefundisha baiolojia muda wa kutosha kujua gharama ya kuyafundisha kana kwamba ni mawili.

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Ukitaja jongoo kwa mvuvi wa Mafia au Pemba, huenda akaelewa jongoo bahari, yule anayechemshwa, akakaushwa na kusafirishwa Asia. Huyo ni jamaa ya kiti cha pweza, hana undugu na wetu. Tandu naye ni mwingine: ana jozi moja ya miguu katika kila pingili, anakimbia, anauma, anakula nyama. Jongoo wa nchi kavu ana jozi mbili katika pingili zake nyingi, isipokuwa ile ya kwanza isiyo na miguu na tatu zinazofuata zenye jozi moja moja. Chakula chake ni majani yaliyooza. Akiguswa hujikunja.

Chaleponcus ni jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iliyo katika oda ya Spirostreptida, familia ya Odontopygidae. Familia hii ni ya Afrika, na jina lake limetoka katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya meno na matako. Mtazame jongoo wa familia hii kwa nyuma: vile vibamba viwili vinavyofunga njia ya haja, kila kimoja kina kijimwiba. Alama hiyo utaiona hata kwa kioo cha kukuzia cha bei ndogo, na ndiyo alama ya kwanza ninayowaonyesha wanafunzi, kwa sababu inawapa furaha ya kutambua kitu kwa macho yao wenyewe. Ukimshika kwa nguvu anatoa majimaji ya kahawia yenye harufu kali, yenye kemikali ya kujilinda iitwayo benzokwinoni, ambayo hutia doa kwenye vidole kwa siku kadhaa. Usijisugue macho baada ya hapo.

Lakini ukishajua kwamba jongoo wako ni wa Odontopygidae, bado uko mlangoni. Ndani ya nyumba hiyo wamo mamia ya spishi, na wengi kwa nje wanafanana mno: mwili wa mviringo, laini, wa kahawia au mweusi, urefu wa sentimita chache. Hapa ndipo kisa kinapoanza.

Kapu lililojaa

Jenasi Chaleponcus iliundwa mwaka 1914 na Carl Attems, Mwaustria aliyefanya kazi katika makumbusho ya Vienna na kuishi kati ya 1868 na 1952. Attems aliandika juu ya majongoo ya karibu dunia nzima. Yale ya Afrika yalimfikia ndani ya chupa zilizoletwa na wasafiri na misafara ya kisayansi. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1909, alikuwa amechapisha uchambuzi wa majongoo na tandu waliokusanywa na msafara wa Kiswidi wa Yngve Sjöstedt uliofanya kazi Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906.

Hapo pana jambo la kutazama kwa makini. Milima iliyotangulia kuingia katika vitabu vya majongoo ni ile iliyotangulia kufikiwa na wageni. Kilimanjaro ilikuwa na umaarufu wake. Usambara ilikuwa na kituo cha utafiti cha Amani, ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Udzungwa, pamoja na ukubwa wake wote, ilikaa kando. Mteremko wake wa mashariki ni mkali, misitu yake imefungana, na barabara haikuwa na sababu ya kupita juu. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kupanga jenasi za familia hii, sampuli za Afrika Mashariki zilitoka sehemu chache tu, nayo Udzungwa ilikuwa karibu haimo.

Jongoo wa Dabaga aliingia mwaka 1958, katika kazi ya Otto Kraus wa Ujerumani juu ya majongoo ya Tanganyika. Akamwita Chaleponcus dabagaensis. Kiambishi -ensis katika Kilatini ni sawa na "wa" yetu ya mahali: wa Dabaga. Kraus hakuishia hapo. Mwaka 1960, na tena 1966, aliipanga upya familia nzima, kazi ambayo kila aliyekuja baada yake ameiegemea. Bila yeye tungekuwa bado tunapapasa gizani.

Hata hivyo Chaleponcus ilibaki kuwa jenasi kubwa, moja ya zile kubwa za familia, na ukubwa wake ulikuwa wa kapu la sokoni. Nyanya zimo, vitunguu vimo, na kwa chini kuna kitu kilichoingia kwa sababu hakikupata kapu lake. Jenasi ya namna hiyo inapotosha kwa njia isiyoonekana. Ukichora ramani yake, unapata madoa yaliyotapakaa sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, na mtu anayeitazama atasema: huyu ni jongoo wa kila mahali, hana haraka ya kulindwa. Ramani imesema uongo bila mtu yeyote kusema uongo. Chuki yangu dhidi ya jenasi-makapu inatoka hapo. Watu hudhani uainishaji ni shughuli ya kabati la makumbusho, kumbe ukikosewa huko kabatini, msitu ulio Kilolo unapoteza shahidi wake.

Kilichofichwa katika pingili ya saba

Unatofautishaje majongoo wanaofanana kama maharage ya gunia moja? Jibu limo ndani ya dume. Katika pingili ya saba ya dume aliyekomaa wa Spirostreptida, miguu ya kutembelea imegeuka kuwa viungo vya kujamiiana vinavyoitwa gonopodi. Havionekani kwa nje, vimekunjwa ndani ya mfuko. Ili uvione unamweka jongoo aliyekufa chini ya hadubini, unavivuta taratibu kwa kibano chembamba, na mkono ukitetemeka umeharibu kila kitu.

Gonopodi ya Odontopygidae ni kazi ya sonara. Inapanda, inajizungusha, kisha inagawanyika matawi mawili. Tawi moja, solenomeri, ni jembamba na ndilo linalobeba mfereji wa kupitishia shahawa. Jingine, telomeri, linaweza kuwa na kila aina ya umbo: bamba, ndoano, msumeno, kijiko, nundu. Spishi mbili ambazo kwa nje huwezi kuzitenga hata ukizilaza sambamba zinaweza kuwa na telomeri zilizo tofauti kama ufunguo wa kufuli na ufunguo wa baiskeli.

Kwa nini tofauti ijae huko ndani na nje pawe shwari? Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni haya. Mwili wa nje unatawaliwa na kazi ya kila siku, yaani kupenya kwenye majani na udongo, na kazi hiyo ni ileile kwa wote. Umbo la bomba laini linafaa, basi linabaki. Gonopodi inatawaliwa na jike. Hukutana na mwili wa jike wa spishi yake tu, na mabadiliko madogo ya upande mmoja huvutana na ya upande mwingine kizazi baada ya kizazi. Vikundi viwili vikitenganishwa na bonde kavu kwa muda mrefu, vitaendelea kufanana kwa kila mpita njia, huku funguo zao zikiachana.

Athari yake kwa utafiti ni kubwa. Jike katika familia hii mara nyingi hawezi kupewa jina. Mtoto hawezi kabisa. Unaweza kupanda Udzungwa kutoka Sanje, kijiji kilicho chini ya mlima, mchana kutwa, ukakusanya majongoo 40, na ikiwa dume aliyekomaa hayumo, umerudi na 40 wasio na jina. Makumbusho zina chupa nyingi za namna hiyo, zimeandikwa tu jina la familia na mahali.

Mlima mmoja, ndugu wengi

Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Denmaki, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, walikwenda Udzungwa mara kwa mara. Mmoja wao, Nikolaj Scharff, ni mtu wa buibui, lakini aliyechimba mitego ya mashimo kwa ajili ya buibui hupata majongoo pia, na jambo la heshima alilolifanya ni kutoyamwaga. Chupa zikafika Copenhagen, katika makumbusho ya viumbe ya Denmaki, zikamfikia Henrik Enghoff, mtu ambaye amewapa majongoo umri wake wote wa kazi.

Mwaka 2014 Enghoff alitoa sehemu ya kwanza ya mfululizo wa makala alioupa jina lenye maana ya "mlima wa majongoo", katika jarida la uainishaji la Ulaya ambalo yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma bila kulipa. Makala hiyo ilikuwa juu ya kikundi kimoja ndani ya Chaleponcus, kikundi cha dabagaensis. Yule wa Kraus alikuwamo, na pamoja naye spishi mpya zaidi ya 15. Kichwa cha makala chenyewe kinatamka kwamba kikundi hicho ni cha Udzungwa pekee.

Nasoma orodha ya majina hayo kama mtu anayesoma majina ya ukoo kwenye msiba au harusi, nikitafuta nani ni wa nani. Yupo mwanihanensis, wa msitu wa Mwanihana. Yupo nikolajscharffi, wa yule mtu wa buibui. Yupo hamerae, kwa heshima ya Michelle Hamer wa Afrika Kusini. -Ae mwishoni ni kwa sababu ni mwanamke. Yupo mwabvui, kwa heshima ya Tarombera Mwabvu, mtafiti wa Zimbabwe, na jina hilo hunifurahisha kila ninapoliona, kwa maana mwanafunzi wetu anayelisoma anajua papo hapo kwamba Mwafrika naye hukaa kwenye meza hii. Wapo waliopewa majina ya ndege: nectarinia, kama chozi, na ibis, kama kwarara.

Uamuzi mmoja wa Enghoff unastahili kutajwa. Hakuwaundia jenasi mpya. Aliwaacha ndani ya Chaleponcus akawaita kikundi cha spishi, ngazi isiyo rasmi. Kuna watakaouona uamuzi huo kuwa wa woga. Mimi nauona wa busara. Kapu zima lilikuwa halijamwagwa na kupangwa upya. Ukichomoa kikundi kimoja na kukipa jina la jenasi kabla hujajua kilichobaki ni nini, unaweza kuwa unatengeneza jina ambalo mwenzako atalifuta kesho, na kila jina linalofutwa huacha mkanganyiko vitabuni kwa miongo. Kikundi kinasema yale tunayoyajua: hawa ni ndugu, na hawa ni wa hapa. Yanayobaki yanasubiri.

Sasa mlima wenyewe. Udzungwa ni mmoja wa milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapitia Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, ukaishia Udzungwa na Mahenge. Miamba yake ni ya kale sana, na misitu yake inakunywa unyevu wa Bahari ya Hindi. Hali ya hewa ya bara ilipokauka katika vipindi vya zamani, milima hii iliendelea kupata mvua na ukungu, msitu ukabaki juu huku chini pakigeuka nyika. Kwa jongoo, ambaye hana mbawa na hukaukiwa upesi, nyika ni bahari. Kila mlima ukawa kisiwa.

Udzungwa ina visiwa ndani ya kisiwa. Upande wa mashariki, Mwanihana inashuka kwa msitu ambao haujakatika kutoka zaidi ya mita 2,000 hadi karibu mita 300 juu ya usawa wa bahari, jambo adimu katika Afrika Mashariki nzima. Upande wa magharibi uko uwanda wa juu, wenye baridi, na huko msitu umekatika vipande vipande: Dabaga na Ulang'ambi, Ndundulu, Nyumbanitu, kisha ile ngazi ndefu ya Uzungwa Scarp kuelekea kusini magharibi. Kati ya kipande na kipande kuna majani ya malisho, mashamba, mabonde. Kwa hiyo jongoo wa hapa alikuwa na njia mbili za kuachana na nduguye: kwenda juu au chini katika mteremko uleule, ambako joto na unyevu hubadilika kila mita mia chache, au kufungiwa katika kipande chake na kukaa huko muda mrefu mno.

Milima hii imekwisha kutuonyesha tabia hiyo kwa wanyama wakubwa. Kipunji, kima aliyetambuliwa na sayansi katika miaka ya 2000, anaishi Udzungwa na Nyanda za Juu Kusini pekee. Panya-tembo mwenye uso wa kijivu alipewa jina mwaka 2008, na ni wa Udzungwa. Kama mnyama wa kilo kadhaa angeweza kujificha hadi karne hii, kijitu chenye urefu wa kidole kingekosaje?

Ramani hii ni ya nani?

Hapa nataka kupunguza mwendo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokimbilia hitimisho.

Je, Udzungwa ina ndugu wengi wa dabagaensis kwa sababu mlima uliwazaa, au kwa sababu ndiko watu walikotafuta? Ramani ya mtawanyiko wa majongoo ni ramani ya majongoo na pia ni ramani ya nyayo za wakusanyaji. Doa likiwapo, tunajua jongoo alikuwapo. Doa likikosekana, hatujui kitu, isipokuwa tujue kwamba mtu alikwenda, wakati wa mvua, akatafuta madume, akakosa. Rubeho na Mahenge hazijapata miaka mingi ya chupa na mitego kama Udzungwa. Na hata ndani ya Udzungwa, kijia kinachopanda kutoka Sanje kimekanyagwa na watafiti mara nyingi kuliko korongo lililo siku tatu ndani.

Pamoja na shaka hiyo, nasimama upande wa mlima, na sababu ni hii. Usambara imetafutwa kwa zaidi ya karne. Uluguru nayo si ngeni kwa watafiti. Kama kikundi hiki kingekuwa cha Tao zima, kingetarajiwa kujitokeza huko, angalau dume mmoja katika chupa moja. Kazi zilizofuata juu ya majongoo wengine zimeonyesha sura ileile. Mwaka 2018, katika sehemu ya saba ya mfululizo uleule, Enghoff aliichambua Eviulisoma, jenasi ya oda nyingine kabisa, Polydesmida, ambao ulinzi wao wa kemikali ni wa sianidi, si benzokwinoni. Ni ukoo tofauti, wenye historia tofauti, na huko nako Udzungwa na milima jirani ilitoa kundi kubwa la spishi mpya. Katika makala hiyo imo pia jenasi ambayo Mmarekani Richard Hoffman aliiunda mwaka 1963 kwa jongoo wa Uluguru, akaiita Suohelisoma, jina ambalo sikio la Mswahili halihitaji kuambiwa limetoka wapi. Koo mbili zisizohusiana zikikuambia jambo moja kuhusu mlima mmoja, unaanza kuuamini mlima.

Ili kuona ugeni wa mtawanyiko huu, mlinganishe dabagaensis na jongoo ambaye kila mtu wa pwani anamjua: yule mkubwa mweusi anayetoka baada ya mvua za masika, akivuka njia bila kujali pikipiki. Huyo ni Archispirostreptus gigas, anayeweza kuzidi sentimita 30. Alielezwa mwaka 1855 na Wilhelm Peters wa Berlin, kutokana na safari yake ya Msumbiji ya miaka ya 1840. Anaishi katika nyanda za chini kuanzia Msumbiji hadi Kenya. Jenasi yake inafika mbali zaidi: ina spishi kusini mwa Afrika, na nyingine, A. syriacus, hadi katika jangwa la Negev. Mwaka 2010 Mwabvu na Hamer, walewale ambao majina yao yamo Udzungwa, pamoja na wenzao, waliipitia jenasi hiyo yote, wakahakiki mipaka yake na mtawanyiko wake, na wakaeleza pia jenasi mpya.

Majongoo hawa wawili ni wa oda moja. Mmoja ana mwili mkubwa unaotunza maji, anavumilia kichaka kikavu, na eneo lake linapimwa kwa nchi. Mwingine ni mdogo, wa kivulini, na eneo lake linapimwa kwa misitu. Mtoto wa shule anayefundishwa kwamba "jongoo hupatikana sehemu zenye unyevunyevu Afrika nzima" amefundishwa sentensi inayowahusu wote wawili na isiyomweleza hata mmoja.

Chupa ziko Copenhagen, mti uko Kilolo

Sampuli zilizotumika kuwapa majina majongoo hawa ziko Ulaya. Sisemi hivyo kwa hasira. Zimetunzwa, zimesomwa, na matokeo yake yako wazi kwa kila mtu. Ila mwanafunzi wa Iringa anayetaka kuona gonopodi ya jongoo wa Dabaga anaiona kwenye picha, na mimi nimefundisha kwa picha hizo, na najua picha inavyochoka mbele ya darasa la watu 60. Msomi wetu wa uainishaji wa majongoo hatatoka kwenye picha peke yake.

Upande wetu una kitu ambacho Copenhagen haina, nacho ni mti. Kazi ya 2014 ilisimama juu ya maumbo ya madume. Maswali yaliyobaki ni ya mtu anayeweza kurudi kila mwezi: dabagaensis anakomaa lini, majike yapi ni ya madume yapi, wangapi kati ya ndugu hawa wanashiriki gogo moja, na yupi anakoma katika mita ngapi. Kukusanya katika hifadhi kunahitaji vibali, cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na vingine, na ni sawa iwe hivyo. Lakini kupiga picha, kuandika mahali na mwinuko, kuhesabu na kurudisha, hilo linaweza kufanywa na mwalimu na wanafunzi wake katika msitu wa kijiji kwa ruhusa ya kijiji.

Na haraka ipo. Tao la Mashariki limepoteza zaidi ya theluthi mbili ya misitu yake ya asili. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 ikiwa na kilomita za mraba 1,990, inalinda Mwanihana na maeneo makubwa ya jirani, lakini vipande vya uwanda wa juu upande wa Kilolo vimezungukwa na mahindi, viazi na mipaini. Tembo akikosa msitu atahama, na habari zitaandikwa. Jongoo ambaye dunia yake ni kipande kimoja cha msitu hana pa kuhamia.

Msimu uliopita, mvua zilipoanza, nilipita pembezoni mwa msitu mmoja wa uwanda huo pamoja na vijana sita. Chini ya gogo lililooza tulimkuta jongoo wa kahawia, mwembamba, urefu wa kidole cha kati. Vijimwiba viwili nyuma: Odontopygidae. Tulimgeuza kwa uangalifu tukatazama pingili ya saba. Miguu yote ilikuwa miguu ya kutembelea. Alikuwa jike, au alikuwa bado mdogo. Kijana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa tumwandike nani?" Tukaandika familia, tarehe, mwinuko, aina ya gogo, na jina la msitu kama wazee wa pale wanavyoutamka. Kisha tukamrudisha alipokuwa, tukalilaza gogo juu yake kama tulivyolikuta.